“Uncharted 5” ya Ngarenaro: kisa cha gemu iliyohukumiwa kwa jina lisilo lake

Gemu iliyozua ubishi huu inaitwa Uncharted: The Lost Legacy. Ilitoka Agosti 2017 kwa ajili ya PlayStation 4, imetengenezwa na studio ya Naughty Dog ya Marekani, na hakuna aliyeitengeneza aliyewahi kuiita Uncharted 5. Jina hilo ilipewa Ngarenaro hapa Arusha, ndani ya banda la gemu lililo mitaa michache kutoka Soko la Kilombero, kwa maka peni, kwenye kipande cha boksi kilichobandikwa ukutani. Nimekifuatilia kisa hiki kwa sababu maneno niliyoyasikia pale, kwamba gemu hii ni wizi, yalikuwa makali kuliko gemu inavyostahili, na naipenda kiasi cha kutotaka ibebeshwe kosa la mtu mwingine.

Banda lenyewe ni la kawaida. TV nne, mabenchi ya mbao, feni moja inayozunguka kwa kulalamika, na watu wengi kuliko pedi za kuchezea. Kinacholipa kodi pale ni mpira: wawili wanakaa, aliyefungwa analipa na kuinuka, mshindi anabaki. Gemu za stori zina TV yao ya kona, na hizo zinalipiwa buku kwa saa. Anayeshika pedi ni mmoja, lakini nyuma yake husimama watu sita, saba, wakati mwingine zaidi, na hao nao wana maoni, wanatoa maelekezo, wanazomea, wanashangilia. Kwa hiyo ninaposema maoni ya wachezaji wa Ngarenaro ninawahesabu na hawa waliosimama. Gemu ya stori pale haina mchezaji mmoja.

Mwenye banda aliinunua diski mkononi kwa muuzaji wa vitu vilivyotumika. Ilikuja peke yake ndani ya kimfuko cha plastiki, bila kava. Muuzaji alimwambia hii ndiyo inayofuata baada ya ile ya nne, na kwa mpangilio wa tarehe hakudanganya, maana Uncharted 4: A Thief's End ilitoka Mei 2016 na hii ikafuata mwaka mmoja baadaye. Mwenye banda akajumlisha moja kwenye nne, akachukua maka peni yake, akaandika UNCHARTED 5 kwa herufi kubwa. Kufikia jioni habari zilikuwa zimefika hadi Kaloleni.

Anayejua mfululizo huu ataelewa kwa nini boksi lile lilijaza banda. Tangu gemu ya kwanza mwaka 2007, steringi ni Nathan Drake, mwindaji hazina anayedondoka kutoka kila kilicho juu na kuamka akiwa na mzaha mdomoni. Ile ya nne ilikuwa imechezwa pale mpaka mwisho, na kipande cha Madagascar, gari likipanda kwenye tope jekundu na winchi ikifungwa kwenye miti, kilirudiwa mara nyingi kwa maombi ya watazamaji. Halafu stori ikaisha Drake akiwa ametulia na mkewe na binti yao. Watu walilikubali hilo kwa shingo upande. Kisha boksi la ukutani likawaambia kwamba amerudi.

Gemu inafunguka sokoni, katika mji wa India uliokumbwa na vita, na unayemwongoza ni mwanamke: Chloe Frazer. Anaongea na binti mdogo mchuuzi aitwaye Meenu, anajipenyeza kati ya wanajeshi, anapanda juu ya mapaa kwenda kuonana na Nadine Ross, mshirika wake katika kuwinda hazina. Kwa kipimo changu ni ufunguzi mzuri, wa taratibu na wenye wasiwasi. Kwenye lile banda swali lilikuwa moja tu: Drake yuko wapi? Mwenye banda, ambaye hakuwa ameicheza, akawajibu kwa nia njema kabisa: “Subirini machalii, atatokea.”

Jibu hilo liliharibu mambo kuliko hata boksi. Lingekuwa boksi peke yake, watu wangegundua wameelewa vibaya ndani ya nusu saa, wangenung'unika na kuendelea. Lakini walipoahidiwa kwamba atatokea, kila sura ya gemu ikawa chumba cha kusubiria. Na waandishi wa stori hii wameifanya siri ya katikati kuwa ya jina hilohilo. Chloe amemficha Nadine kwamba mtaalamu anayefanya naye kazi, aliyeangukia mikononi mwa adui, ni Sam Drake, kaka yake Nathan. Nadine ana sababu zote za kulichukia jina hilo: katika ile ya nne alikuwa kiongozi wa Shoreline, kampuni ya wanajeshi wa kukodi kutoka Afrika Kusini, na baada ya kukutana na ndugu hao wawili kampuni ikamtoka mikononi. Basi jina la Drake lilipotamkwa kwenye ile TV ya kona, banda lilipiga kelele hadi waliokuwa kwenye mpira wakasimamisha mechi. Akatokea Sam, kaka mtu. Nathan hayumo kwenye stori hii mwanzo hadi mwisho.

Kijana mmoja fundi pikipiki, aliyefuata mfululizo huu tangu Uncharted 2 kwenye PlayStation 3, aliweka pedi chini akasema ameibiwa. Neno hilo ndilo lililosambaa. Nilipopita siku zilizofuata, watu ambao hawakuwa wameiona hata sura moja walinieleza kwamba Uncharted mpya ni wizi.

Huko ilikotoka, kila kitu kilimwambia mnunuzi kwamba hii ni gemu ya pembeni na si sehemu ya tano. Haikupewa namba. Kava linaonyesha wanawake wawili. Naughty Dog walianza kuifikiria kama nyongeza ya kupakuliwa juu ya ile ya nne, ikakua mikononi mwao mpaka ikastahili kusimama peke yake, na hata hivyo wakaiuza dola 39.99 wakati gemu kubwa za miaka ile ziliuzwa 59.99. Ni fupi, na walisema wazi kuwa ni fupi. Mtu wa Chicago aliyetoa dola zake alijua ananunua nini.

Ngarenaro hakuna hata ishara moja kati ya hizo iliyofika. Kava halikuwepo. Jina lilibadilishwa. Na bei, ambayo ndiyo ishara nzito kuliko zote, ilifutika kabisa: saa moja ya gemu ya dola 39.99 na saa moja ya gemu ya dola 59.99 zote ni buku. Hapa ndipo ninapoiona shina ya kisa. Gemu ya pembeni inaishi kwa makubaliano kati ya anayetengeneza na anayecheza, kwamba nakupa kidogo zaidi, kwa bei ndogo zaidi, kuhusu watu uliowaona pembeni tu, nawe usinidai yule mkubwa. Makubaliano hayo hayakuvuka mlango wa banda. Walichobaki nacho watu ni deni la Nathan Drake, na waliodai walikuwa na haki ya kudai. Ila mdaiwa hakuwa Naughty Dog.

Lingekuwa suala la jina tu, ningeishia hapo. Lakini hata baada ya watu kujua ukweli, sehemu moja iliendelea kuwagawa, nayo ni sura ya nne.

Gemu ina sura tisa. Ya nne inaitwa The Western Ghats, jina la milima iliyopo kweli kusini-magharibi mwa India, na kuliko Uncharted zote zilizotangulia, hapo mchezaji anaachiwa nafasi. Unapewa gari la porini lisilo na paa, unapanda mnara kuangalia eneo lote, Chloe anatoa ramani ya karatasi na kuichora kwa kalamu, kisha unaambiwa kuna ngome tatu na ni juu yako uanze na ipi. Kati yake kuna mito, maporomoko, magofu ya ufalme wa Hoysala, na kazi ya hiari ya kutafuta tokeni 11 ili kuipata hazina iitwayo Queen's Ruby. Wahakiki wengi waliisifia sura hii kuliko kitu kingine chochote ndani ya gemu. Mimi niko pamoja nao. Ni mara ya kwanza ambapo kuwinda hazina katika mfululizo huu kunafanana na kutafuta kweli: unakosea njia, unarudi, unaona ngazi uliyoipita bila kuiona.

Sasa ichukue sura hiyo uiweke kwenye buku kwa saa. Kijana anaingia, analipa, anakuta gari limesimama kwenye tope mahali alipoachia mtu mwingine. Ramani ina alama ambazo si yeye aliyeziweka. Nyuma yake watu wanne wanamwambia aende kushoto na watatu wanamwambia ngome ya kushoto ilishamalizwa jana. Anazunguka dakika ishirini, anampiga mlinzi mmoja, anaangalia saa. Muda umekwisha, hakuna kilichotokea. Akiulizwa gemu ikoje atasema inaboa, na kwa alichokiona amesema kweli. Kwenye ile ya nne saa moja ingempa kufukuzana kwa magari, nyumba inayoporomoka na jambazi la kupigana nalo, kwa sababu mara nyingi njia ni moja na inakuvuta mbele upende usipende. Uhuru wa sura hii una gharama ya muda, na aliyeko nyumbani kwake hailipi gharama hiyo kwa mkono.

Juu ya hapo kukawa na suala la kusevu, yaani kuhifadhi mahali mchezaji alipofikia. Mashine ina akaunti moja inayotumiwa na wote, na usiku mmoja mtu alisevu safari yake mpya juu ya ile ya zamani. Wote waliokuwa wameshapita ngome mbili wakarudishwa sokoni kwa Meenu. Waliolazimika kuanza upya ndio niliowasikia wakisema kwa mfululizo vitu viwili visivyokaa pamoja, kwamba gemu ni fupi na kwamba ni ndefu mno. Ukijua yaliyowapata, vyote viwili vinaeleweka.

Aliyeitetea sura ya nne kwa nguvu alikuwa dereva wa utalii. Ilikuwa masika, wageni wamepungua, gari la kampuni limelala gereji, naye alikuwa akija jioni kukaa benchi la nyuma. Hakuwahi kuomba pedi. Alikuwa anaangalia gari. Alimkosoa kila mtu aliyeingia kwenye kijito kwa kasi, akaeleza namna udongo mweusi wa kule Ndutu unavyolishika tairi na kwa nini hutakiwi kukata usukani ukishaanza kuteleza, akakubali kwamba waliotengeneza hili tope wamelitazama tope. Malalamiko yake yalikuwa kwamba gari la Chloe linapanda miteremko ambayo hakuna gari linaipanda, na hilo ni kweli. Lakini kwake kuzunguka bila kupata kitu hakukuwa kasoro hata kidogo. Alisema siku nyingi za kazi yake ndivyo zilivyo, unazunguka asubuhi nzima hujaona chui, na mgeni mwenye akili hadai kurudishiwa hela yake kwa sababu hiyo.

Tembo walipotokea, vijana wakamgeukia yeye. Kuna mahali Chloe na Nadine wanamsaidia tembo aliyenaswa na baadaye wanampanda mgongoni, na banda zima likashangaa masikio madogo. Dereva akaeleza tofauti ya tembo wa Asia na wa kwetu, masikio, mgongo, na jinsi wale wa kule walivyozoeshwa kubeba watu tangu enzi za kale. Ilikuwa dakika kumi ambazo hakuna aliyeuliza Drake yuko wapi. Nilizitilia maanani, kwa sababu zilionyesha kitu ambacho kingekuja kuthibitika: banda halikuwa na tatizo na gemu tulivu mradi awepo mtu wa kuwapa sababu ya kuiangalia.

Mtu huyo alipatikana. Kuna dada anayesoma chuo hapahapa mjini, anaishi nyumba ya pili kutoka bandani, mdogo wake ni mteja wa kudumu. Alianza kwa kumtafsiria mdogo wake. Chloe akisema kitu, yeye anakisema kwa Kiswahili. Nadine akijibu, anabadilisha sauti kidogo na kujibu. Jioni ya pili watu walimwambia apaze sauti. Wote tuliokulia kwenye vibanda umiza tunalijua hili, filamu ya Kichina au ya Kihindi yenye sauti ya Mtanzania juu yake, na hakuna aliyelazimika kuelezwa namna ya kusikiliza.

Kwa gemu hii tafsiri ilikuwa dawa hasa, na sababu yake imo kwenye namna ilivyojengwa. The Lost Legacy ni mazungumzo. Wanawake wawili wasioaminiana wanaendesha gari pamoja, na wakati mchezaji anadhani hakuna kinachotokea, ndipo mambo yanapotokea: Chloe anaeleza kuhusu baba yake, aliyeipa maisha yake yote kazi ya kutafuta Pembe ya Ganesha, hazina hiyohiyo wanayoiwinda, Nadine anauliza maswali mafupi ya kijeshi, kisha siku moja anauliza swali lisilo la kijeshi. Asiyeelewa Kiingereza anaona gari likienda. Gemu inatoka na lugha nyingi, za Ulaya na za Asia, Kiswahili hakimo. Kwa hiyo nusu ya stori, tena nusu iliyo bora, ilikuwa inapita juu ya vichwa vya watu waliokuwa wameilipia.

Ile sura ambayo Nadine anagundua habari za Sam ndiyo iliyonionyesha tofauti waziwazi. Mara ya kwanza, bila tafsiri, wanawake wawili waligombana ghafla na hakuna aliyejua kwa nini. Mmoja alisema hawa wanagombea mwanaume, wengine wakacheka. Iliporudiwa dada akiwa pale, alisimamisha gemu kabla ya ugomvi na kuwakumbusha Nadine alikuwa nani kwenye ile ya nne na nani alimponza. Ugomvi ulipoanza palikuwa kimya. Kijana aliyekuwa na pedi, mmoja wa waliosema gemu ni wizi, aligeuka akamwambia: “Dada, Nadine ana haki.” Kisha benchi zima likaingia kwenye ubishi mwingine, wa kama Chloe alipaswa kusema tangu mwanzo. Huo ndio ubishi ambao waandishi waliutaka.

Nadine alizua na mjadala mwingine, na huu ningeuandika hata kama kisa kisingeuhitaji. Ni Mwafrika Kusini, mweusi, mwenye cheo cha mhusika mkuu wa pili katika gemu kubwa ya PlayStation, jambo ambalo mwaka 2017 halikuwa la kila siku. Sauti yake imefanywa na Laura Bailey, Mmarekani mweupe, na tangu ile ya nne wapo waliolalamika kwamba nafasi hiyo ingepewa mwigizaji mweusi. Bandani habari hizo ziliwagawa. Dereva, aliyeshinda miaka mingi na makundi ya Waafrika Kusini wanaoshuka Arusha kwa malori ya safari, alisema lafudhi inapita. Dada wa chuo alisema lafudhi kupita hakujibu swali, kwa sababu swali ni nani alipewa kazi. Niko upande wa dada. Na wakati huohuo niliona wasichana wawili waliozoea kusimama mlangoni tu wakiingia ndani na kukaa, kwa sababu ya Nadine na Chloe. Mambo yote mawili yalitokea na hakuna linalolifuta lingine.

Sasa kuhusu gemu yenyewe, ikishavuliwa boksi la ukutani. Malalamiko yapo yanayosimama. Adui, Asav, kiongozi wa waasi, anapigana vizuri kwa mikono lakini sababu zake ni nyepesi. Anahubiri, kisha anafanya kile ambacho adui yeyote angefanya. Pambano la mwisho la kwenye treni linasisimua, ila aliyecheza Uncharted 2 ataona treni aliyoijua, na fundi pikipiki aliona. Silaha, namna ya kuruka, kamba ya kurusha, karibu vyote vimechukuliwa kutoka ile ya nne, na vipya ni vichache: Chloe anafungua makufuli, ana bastola isiyopiga kelele, anapiga picha za mandhari kwa simu yake. Na Sam akishajiunga, kile kilichokuwa kati ya wanawake wawili kinapungua nafasi. Hilo la mwisho kwangu ndilo kosa kubwa zaidi, na nashangaa kwamba mwanzoni bandani hakuna aliyelitaja. Wao walikuwa wanamtaka Drake yeyote apatikane.

Upande wa pili yapo mafumbo, ambayo naona ni bora kuliko ya ile ya nne. Kuna lile la sanamu kubwa zenye mashoka, ambapo kila unaporuka kutoka jiwe moja hadi jingine nazo zinageuka na kukata, kwa hiyo unalazimika kupanga hatua kabla ya kuondoka ulipo. Banda lililicheza kama bao: kila mtu anahesabu, mtu mmoja anakataza, kete ikishachezwa hairudi. Kuna na lile la vivuli, vipande vya sanamu unavizungusha mpaka kivuli chake ukutani kitengeneze umbo kamili. Hapo lugha haikuhitajika na hakuna aliyezungumzia saa. Kisha kuna kazi ya mikono ya wachoraji, mahekalu ambayo asili yake ipo kweli. Wahoysala walitawala eneo la Karnataka ya leo, na mahekalu yao ya Belur, Halebidu na Somanathapura yaliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2023. Mji huu unaoishi kwa watu wanaosafiri mbali kuja kuona Ngorongoro, nao ni urithi wa dunia, una watu wanaoweza kulielewa jambo hilo upesi.

Kwa ujumla wahakiki waliipa alama nzuri, 84 kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, chini ya 93 za ile ya nne. Umbali huo kati ya namba mbili naona ni wa haki. Umbali uliokuwa Ngarenaro wiki ya kwanza, kati ya “gemu kali kuliko zote” na “wizi”, haukuwa na haki.

Mwenye banda ni msikivu, na hilo lilisaidia. Kwanza alilifuta jina. Boksi jipya likasomeka UNCHARTED: THE LOST LEGACY, na chini yake, kwa pendekezo la mdogo wake yule dada, “Chloe na Nadine, Drake hayumo.” Nilimwambia mstari huo utamfukuzia wateja, akanijibu kwamba anayekuja akijua Drake hayumo hatadai kurudishiwa hela, na kati ya waliokuja bila kujua ameshawarudishia watatu. Pili, aliacha kutoza kwa saa kwa gemu za stori baada ya saa moja usiku. Sasa jioni za stori kila anayekaa benchi anatoa mia mbili, mwenye pedi hatoi kitu cha zaidi, na pedi inabadilishwa mtu akifa mara tatu. Tatu, kila kundi lilipewa nafasi yake ya kusevu, namba imeandikwa kwenye daftari. Dada wa chuo anapewa sehemu ya makusanyo usiku anaotafsiri, jambo ambalo ilibidi watu wazima wawili walisemee mpaka likakubalika, kwa kuwa mwanzoni ilichukuliwa kwamba anafanya kwa kupenda.

Kwa utaratibu huo sura ya nne ilichezwa upya kwa jioni kadhaa mfululizo. Tokeni zote 11 zilipatikana, ya mwisho saa nne usiku, baada ya umeme kukatika na kurudi na watu kukataa kuondoka. Vijana walewale waliosema inaboa ndio waliokuwa na orodha ya tokeni kwenye karatasi. Ukiwauliza leo watakwambia The Lost Legacy ni kali, na wawili wanaiweka juu ya ile ya tatu. Mimi siendi mbali hivyo.

Fundi pikipiki hakubadilika, na hoja yake isipuuzwe. Aliirudia gemu yote, na tafsiri, bila presha ya saa, akijua Drake hayumo. Alikubali kwamba mafumbo ni mazuri na kwamba Chloe anaiweza kazi. Kumbuka alimjua Chloe tangu Uncharted 2 ya mwaka 2009, hakuwa mgeni kwake. Anachokataa ni jambo moja: kwamba stori iliyofungwa ifunguliwe tena kwa kutumia jina la familia ileile kama chambo. Kama ni Chloe iwe Chloe mpaka mwisho, Sam asiingizwe. Ukimsikiliza vizuri, hoja yake haina uhusiano wowote tena na boksi wala muuzaji. Imefika palepale penye kosa nililolitaja la Sam kupunguza nafasi ya wanawake wale, ila yeye amefika kwa mlango wa Nathan. Kati ya maoni yote niliyoyakusanya, hili ndilo ningependa waliotengeneza walisikie.

Banda sasa linachangishana kununua Marvel's Spider-Man: Miles Morales, ya Insomniac Games, iliyotoka Novemba 2020, nayo ni fupi na nayo ilitoka kwa bei iliyo chini ya gemu kubwa. Peter Parker, yule Spider-Man aliyezoeleka, anaonekana mwanzoni kisha anasafiri, na mji anaachiwa Miles. Mwenye banda ameshaandika hivyo kwenye boksi, hata diski haijafika. Fundi pikipiki ametoa mchango wake wote kwa mkupuo, na ameomba awe wa kwanza kushika pedi.